Tochi ya Zawadi: Uliza Kwanza Inakula Nini

Mwezi wa Desemba unapokaribia, wakulima wengi huwa wamekwisha kupata malipo yao ya maziwa na ya majani ya chai, na kila mwenye jamaa huanza kuwaza: Je, mwaka huu nimpelekee mama kitu gani? Nimpe nini jirani aliyenitazamia ng'ombe wangu nilipokuwa mgonjwa? Shati hupauka, na keki huliwa siku moja ikaisha. Lakini tochi ndogo ya mfukoni ni zawadi isiyomshinda mtu wa kawaida, na ikichaguliwa vizuri, aliyepewa atamkumbuka mtoaji kila jua litakapokuchwa. Wazee walisema: Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Hata hivyo, tochi ya zawadi yaweza pia kuwa hasara, na hasara yake huonekana wakati ulio mbaya kabisa. Sikilizeni kisa hiki.

NDAMA ALIYEZALIWA GIZANI

Kijana mmoja afanyaye kazi mjini alimpelekea mama yake tochi huko Kinangop, katika shamba ambalo babu yake alilipata skimu za makazi zilipofunguliwa miaka ya 1960. Aliinunua kwa mchuuzi kwenye kituo cha matatu. Ilikuwa nyeusi, inang'aa, na juu ya boksi paliandikwa lumeni 10,000. Mama alifurahi sana. Jioni ile aliimulika hata miti ya jirani iliyo ng'ambo ya mto, na watoto wakashangilia.

Baada ya majuma mawili mwanga ulianza kufifia. Tochi ile ilikuwa ya kuchajiwa kwa waya wa namna yake peke yake, wenye ncha isiyofanana na ya simu yo yote pale nyumbani, na waya wenyewe ulikuwa umekwisha kupotea. Mama akaitundika tochi kwenye msumari karibu na mlango, akairudia koroboi yake.

Usiku mmoja wa mwezi wa Julai, wakati wa baridi kali na ukungu, ng'ombe wake wa maziwa alishikwa na uchungu wa kuzaa. Mama alitoka na koroboi, upepo ukaizima. Alirudi ndani kuiwasha, akatoka, ikazimika tena. Ndama alizaliwa gizani, na kipande cha utando wa uzazi kilikuwa kimemfunika pua. Mtu mwenye mwanga angalikiona mara moja na kukiondoa kwa vidole. Mama alipapasa huku na huku katika matope, na alipoifikia pua ya ndama, alikuwa amekwisha kuchelewa. Alikuwa ndama jike.

Tochi ile haikukosa mwanga siku ya kwanza. Kosa lilikuwa kwamba mnunuzi aliuliza, "Je, inamulika mbali?" wala hakuuliza, "Je, mama ataweza kuilisha?" Hakuna mkulima mwenye akili anunuaye ng'ombe bila kujua atamlisha nini. Tochi nayo ni vivyo hivyo. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza bei, jiulize mambo mawili: tochi hii itashikwa na nani, na huko iendako itakula nini?

TOCHI ZA BABU NA TOCHI ZA LEO

Tochi ya mkononi si kitu cha jana. Mwingereza mmoja aliyekaa New York, jina lake David Misell, alipewa hataza ya tochi yake nchini Marekani mwezi wa Januari mwaka 1899. Kwa miaka mingi baadaye tochi zilitumia balbu ndogo yenye uzi mwembamba uliotoa mwanga kwa kupata moto. Wazee walioingia katika skimu zetu miaka ya 1960 wazikumbuka tochi za bati za mawe mawili au matatu makubwa. Zilikuwa nzito kama rungu, na balbu ilipoungua ilibidi kuwa na nyingine. Hapa Kenya kiwanda cha mawe ya tochi kilianzishwa Nakuru mwaka 1967, kikafungwa mwaka 2014.

Tochi za leo hutumia taa ya LED, ambayo haina uzi wa kuungua. Wataalamu watatu waliozaliwa Japani, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014 kwa kuvumbua LED ya rangi ya buluu, na hiyo ndiyo iliyotuwezesha kupata mwanga mweupe katika taa hizi. Faida yake kwa mkulima ni rahisi kueleza. Balbu ya zamani iligeuza sehemu kubwa ya nguvu ya mawe kuwa joto la bure. LED hutoa mwanga mwingi kwa nguvu kidogo. Ndiyo sababu tochi nzuri ya jiwe moja dogo, isiyozidi sana urefu wa kidole, leo hutoa mwanga kuliko ile tochi nzito ya babu.

Wengine watasema, "Mbona kila mtu ana simu yenye tochi?" Ni kweli, na zile simu ndogo ambazo watu waliziita mulika mwizi zimewasaidia wengi. Lakini simu iliyotumika kumulika boma usiku kucha itakuwa imezimika alfajiri, wakati wa kumpigia daktari wa mifugo. Tena simu ikiponyoka mkononi na kuingia katika ndoo ya maziwa, hasara ni mbili. Heri simu iwe ya kuitia msaada, na tochi iwe ya kumulika.

JAMBO LA KWANZA: ITASHIKWA NA NANI?

Tochi moja haiwafai watu wote, kama vile jembe moja lisivyofaa kazi zote.

Mama na wazee. Wachagulie tochi yenye swichi moja, ya kuwasha na kuzima tu. Ziko tochi ambazo ukibonyeza mara moja zawaka sana, mara ya pili zawaka kidogo, mara ya tatu zinamemeta kama taa ya gari la polisi. Kijana huzipenda, lakini mzee mwenye vidole vilivyokazwa na baridi atachoka nazo. Angalia pia kama yeye mwenyewe ataweza kuufungua mfuniko na kubadilisha mawe. Chagua rangi nyeupe, ya manjano au nyekundu ili ionekane ikianguka, na uifunge kamba ya kuivaa mkononi.

Mtu wa mifugo. Anayekamua alfajiri au kuzalisha ng'ombe usiku ahitaji mikono yake yote miwili. Huyu mpe tochi ya kuvaa kichwani. Zipo za bei nafuu, na mkanda wake ukilegea unaweza kushonwa. Mkumbushe asimmulike ng'ombe machoni kwa ghafula, maana atashtuka. Amulike chini kwanza, kisha ainue mwanga polepole.

Mkulima wa maji. Katika skimu za kunyunyiza maji kama Mwea na Perkerra, zamu ya maji yaweza kumfikia mtu usiku, naye hutembea kando ya mifereji. Tochi yake ni lazima ivumilie maji. Tazama kwenye boksi kama pana alama ya IPX4, maana yake yavumilia kurushiwa maji, kama mvua au mrusho wa mfereji. Alama ya IPX7 maana yake yaweza kuzama katika maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30 bila kuharibika. Kwa mtu wa mpunga, hiyo ya pili ni bora.

Mwanafunzi. Kama anahitaji mwanga wa njiani atokapo shuleni jioni, tochi ndogo yatosha. Lakini kama shida yake ni kusoma usiku, usimpe tochi. Mnunulie taa ndogo ya sola ya kuweka mezani. Tochi humulika mahali pamoja kwa ukali na kuacha pengine giza, na macho huchoka upesi.

Rafiki afugaye nyuki. Nyuki hawaioni rangi nyekundu. Mfugaji afunikaye kioo cha tochi yake kwa karatasi nyekundu ya nailoni huweza kuona mzinga usiku bila nyuki kuufuata mwanga. Ukimpa tochi pamoja na kipande cha nailoni hiyo, atajua ya kuwa ulimfikiria yeye hasa.

JAMBO LA PILI: INAKULA NINI?

Chakula cha tochi ni mawe, yaani betri. Hapa ndipo watu wengi hupotea, maana bei ya tochi hulipwa mara moja, bali bei ya mawe hulipwa kila mara.

Mawe ya kawaida ya dukani ni ya namna tatu hasa. Makubwa ni yale ya D, yenye unene wa milimita 34, ya redio za zamani. Madogo ni ya AA. Madogo zaidi ni ya AAA, ambayo wengi huyajua kwa kuwa ndiyo yanayotiwa katika rimoti ya televisheni. Jiwe la AA huhifadhi nguvu kadiri ya mara mbili ya jiwe la AAA la aina ile ile, lakini dukani bei zao mara nyingi hukaribiana. Kwa hiyo tochi ya jiwe moja au mawili ya AA humfaa mkulima kuliko tochi ya mawe matatu ya AAA.

Tena nyingi katika tochi za mawe matatu ya AAA huwa na kijikapu cha plastiki cha kuyashikia. Kijikapu kikivunjika au kikipotea, tochi yote imekufa, kwa kuwa ni vigumu kupata kingine.

Tufanye hesabu ya mfano, nawe uweke bei za duka lako. Tuseme tochi ya kwanza yauzwa shilingi 150, nayo hula mawe matatu kila mwezi, kila jiwe shilingi 30. Kwa mwezi ni shilingi 90, na kwa mwaka ni shilingi 1,080. Ukijumlisha bei ya tochi, mwaka wa kwanza umegharimu shilingi 1,230. Tochi ya pili yauzwa shilingi 500, nayo hula jiwe moja la shilingi 60 kila miezi miwili. Kwa mwaka ni shilingi 360, na jumla pamoja na tochi ni shilingi 860. Sasa ni ipi iliyo rahisi? Aliyetoa zawadi ya shilingi 150 amemwachia mama yake deni la kulipa kila mwezi.

Namna ya nyingine ni tochi za kuchaji. Hizi ni nzuri sana mahali penye umeme, au katika nyumba yenye sola ya kuchajia simu. Lakini shika kanuni hii: tochi ichajiwe kwa waya ule ule unaochaji simu ya nyumba hiyo. Kabla ya kununua, piga simu nyumbani uulize ncha ya waya wao ikoje, au uchukue waya wa simu ya mama siku unapomtembelea, uujaribu dukani. Kama tochi yahitaji waya wa pekee, iache. Kama nyumba haina umeme wala sola, na simu huchajiwa kwa kulipia sokoni, heri utoe tochi ya mawe ya kawaida.

Yako pia mawe ya AA yanayochajiwa, ambayo huweza kutumika mara mamia. Bei yake ni kubwa mwanzoni na yahitaji chaja yake, lakini ndugu kadhaa wakichangishana, chaja moja na mawe manne ni zawadi itakayowatumikia wazee kwa miaka.

Jihadhari na tochi yenye kioo cha sola kidogo kama kiberiti. Kioo kidogo namna hiyo hakiwezi kukusanya nguvu ya kutosha kwa siku moja, hasa Kinangop au Ol Kalou wakati wa mawingu. Kama tochi ina njia nyingine ya kuchajiwa, vyema. Kama haina, usiitegemee.

JAMBO LA TATU: USIDANGANYWE NA NAMBARI

Wingi wa mwanga hupimwa kwa lumeni. Kwa kutafuta kitu ndani ya nyumba, lumeni 10 au 20 zatosha. Kwa kutembea njiani, lumeni 50 hadi 100 zatosha kabisa. Kwa kukagua boma na uzio, lumeni 200 au 300 ni nyingi. Tochi ya mfukoni ya bei nafuu ikiandikwa lumeni 10,000, ujue kwamba hiyo ni kalamu ya mwenye kuuza. Mwanga mwingi kiasi hicho hutaka mawe mengi yenye nguvu, na chombo chenyewe hupata moto hata kisishikike.

Yafaa kujua pia ya kuwa, ili mwanga ufike mbali mara mbili, ni lazima ukali wake uongezwe mara nne. Na anayelipia mara hizo nne ni mawe. Kwa hiyo usimtwike mama gharama ya kumulika ng'ambo ya mto, ikiwa haja yake ni kumulika mlango wa boma.

Baadhi ya tochi za kuchaji hutumia jiwe liitwalo 18650. Jina hilo ni vipimo vyake tu: unene wa milimita 18 na urefu wa milimita 65. Nguvu inayohifadhiwa huandikwa kwa mAh, na mawe mazuri ya namna hii huwa na kadiri ya 3,500. Ukiona jiwe la 18650 limeandikwa 9,900, huo ni uongo ulioandikwa wazi, nawe usiamini jambo jingine lo lote lililoandikwa juu ya boksi hilo.

Kadhalika angalia saa za kuwaka. Kwa kipimo ambacho watengenezaji wengi hukifuata, saa huhesabiwa mpaka mwanga ushuke na kubaki sehemu moja ya kumi ya ule wa mwanzo. Boksi likisema saa 10, usidhani ya kuwa kwa saa zote 10 tochi itawaka kama ilivyowaka dukani.

Watu husema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wachuuzi wa vituoni si wote wadanganyifu, lakini kesho hutamkuta pale pale ukirudi na malalamiko. Nunua mahali utakapopewa risiti. Tafuta alama ya ubora ya KEBS, yaani Shirika la Viwango la Kenya, na usidanganywe na picha ya alama isiyo na nambari ya kibali.

IJARIBU KABLA YA KULIPA

Mwenye duka mwaminifu hatakataa ufanye majaribio haya:

1. Tia mawe mwenyewe, uone kama mfuniko hufunguka na kufunga bila kulazimishwa. Skrubu za plastiki zikipishana leo, kesho zitavunjika.

2. Washa na kuzima mara ishirini. Swichi ikikataa hata mara moja, irudishe.

3. Washa, kisha uigonge polepole juu ya kiganja. Mwanga ukipepesa, ndani mna kitu kilicholegea.

4. Tazama springi na vibati vinavyogusa mawe. Viwe imara na bila kutu.

5. Tazama kama pana pete ya mpira penye mfuniko. Bila mpira huo maji yataingia, hata boksi likisema nini.

6. Imulike ukutani. Katikati pawe na mwanga mkali, na pembeni pawe na mwanga hafifu wa kutosha. Tochi yenye doa dogo tu la mwanga haimwonyeshi mtembezi kilicho karibu na miguu yake.

Jambo hili la sita si dogo. Katika sehemu zetu za joto yuko nyoka ambaye wengine humwita kifutu na wengine piri. Nyoka huyu ni mnene na mzito. Akisikia hatua za mtu, mara nyingi hakimbii kama nyoka wengine, bali hutulia palepale, na rangi yake hufanana na majani makavu. Mtu humkanyaga, ndipo aumwapo. Shirika la Afya Duniani liliweka sumu ya nyoka katika orodha ya maradhi yaliyosahauliwa mwaka 2017, na wanaoumwa zaidi ni watu wa mashambani kama sisi. Tochi ya mfukoni pamoja na viatu vya kufunika mguu huokoa maisha. Lakini tochi iliyo msumarini bila mawe haimwokoi mtu.

MAMBO YA HATARI

Tochi nyingine ndogo sana, za kutundika kwenye funguo, hutumia mawe bapa mfano wa kifungo cha shati. Usizipeleke katika nyumba yenye watoto wadogo. Mtoto akimeza jiwe la namna hiyo na likakwama kooni, laweza kumchoma ndani kwa muda wa saa mbili tu. Ikitokea hivyo, usimtapishe wala usingoje kuona kama atapona. Mpeleke hospitali mara moja, uwaambie amemeza nini. Kama ni lazima ununue tochi hizi, hakikisha mfuniko wake umefungwa kwa skrubu.

Mawe ya kuchaji yasichajiwe juu ya kitanda, chini ya mto, wala ghalani penye nyasi kavu. Jiwe lililovimba lisitumiwe tena. Wala usitupe jiwe lo lote motoni, kwa kuwa laweza kupasuka.

Watu wengine huyaanika juani mawe yaliyokwisha ili yapate nguvu kidogo. Nguvu hiyo ni ya dakika chache, na joto hufanya mawe yavuje na kuozesha tochi. Usichanganye pia jiwe jipya na la zamani, maana jipya hufujwa na la zamani huvuja. Ukiona unga mweupe ndani ya tochi, usiuguse kwa mkono mtupu. Toa mawe, ufute kwa kitambaa chenye maji kidogo ya limau, kisha uache pakauke kabisa.

ZAWADI IKAMILIKE

Tochi peke yake ni nusu ya zawadi. Ifunge pamoja na mawe ya akiba ya kutosha miezi kadhaa, au na waya wa pili kama ni ya kuchaji. Siku unapoitoa, usikae tu ukishukuriwa. Mpe mama tochi, uzime taa, umwache yeye mwenyewe aiwashe, aifungue, atie mawe na kuifunga. Akiweza kufanya hivyo gizani bila kusaidiwa, umechagua vizuri. Akishindwa, tochi hiyo mpe mwingine, naye umtafutie nyingine.

Mshauriane pia mahali pa kuiweka. Iwe na msumari wake mmoja, usiku na mchana, na ye yote atakayeichukua airudishe. Mahali pa baridi kali, kama Kinangop, mawe hupungua nguvu. Anayengoja ng'ombe azae aiweke tochi mfukoni, karibu na mwili, mpaka atakapoihitaji. Na kama tochi haitatumika kwa muda mrefu, mawe yatolewe.

Yule kijana wa Kinangop alijifunza kwa hasara. Krismasi iliyofuata alikwenda kwenye duka lenye risiti, akachagua tochi ya kichwani ya rangi ya manjano, yenye swichi moja, inayokula jiwe moja la AA kama yale yauzwayo katika duka la karibu na kwao. Haikumulika miti ya ng'ambo ya mto, na watoto hawakushangilia. Lakini Julai ilipofika, ng'ombe yule yule alizaa tena usiku, na safari hii mama aliuona utando, akauondoa kwa vidole viwili, akamsugua ndama kwa majani makavu mpaka akasimama.

Basi, mkulima, unapokwenda sokoni mwezi huu, usiitazame tochi kwa mwanga wake wa dukani. Itazame kama itakavyokuwa Julai, saa nane za usiku, mkononi mwa yule unayempenda.